Posa ya buibui: namna ya kufuatilia zawadi ya Pisaura mirabilis, tangu nzi hadi kifurushi

Dume wa buibui aitwaye Pisaura mirabilis haendi kwa jike mikono mitupu. Hukamata nzi au mdudu mwingine, humzungushia hariri nyeupe mpaka awe kifurushi, hukishika kwa taya zake, kisha hufuata nyuzi ambazo jike ameziacha kwenye majani. Akimfikia, humnyooshea. Jike akikipokea na kuanza kula, dume hupata nafasi ya kupandana naye, na kwa kawaida nafasi hiyo hudumu kadiri mlo unavyodumu.

Anayetazama kwa mara ya kwanza huwakodolea macho buibui wawili akakisahau kilicho katikati yao. Jioni daftari lake linasema tu "wamepandana" au "hawakupandana", na kwa maneno hayo huwezi kueleza kilichotokea wala sababu yake. Mambo yote ya maana yako kwenye zawadi: mna nini ndani, imefungwa hariri kiasi gani, nani ameishika kila dakika, na mwishowe nani anaondoka nayo. Hatua zilizo hapa zimepangwa ili usipoteze hata moja kati ya hayo manne.

Huyu ni buibui wa Ulaya. Carl Clerck wa Sweden alimwelezea kwa mara ya kwanza mwaka 1757, na kazi kubwa ya miaka ya karibuni juu ya zawadi zake imefanyika Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark. Msomaji aliyeko Uingereza, Ujerumani au Denmark anaweza kumpata karibu na nyumbani. Hahitaji maabara, anahitaji vikombe, nzi, lenzi, simu yenye kamera na muda wa kukaa kimya.

Kuwapata kabla hawajapevuka

Wazima huonekana kuanzia katikati ya Mei hadi Julai, lakini usingoje mpaka hapo. Kusanya Aprili au siku za mwanzo za Mei, wakati wamebakiza kujivua gamba mara moja tu. Jike mzima uliyemwokota porini Juni huenda amekwisha kupandwa na dume mmoja au zaidi, na hakuna namna ya kujua kwa kumtazama. Jike aliyepevukia ndani ya kikombe chako unajua historia yake yote.

Watafute kwenye nyasi ndefu zisizofyekwa, kingo za misitu, vichaka vya beri zenye miiba na kando ya mitaro. Saa tatu hadi saa sita asubuhi, siku ya jua, hujitandaza juu ya jani kuota joto. Mkao wake ndio unaomtambulisha haraka kuliko rangi: jozi mbili za miguu ya mbele hunyooshwa pamoja kwa kila upande, hivyo kwa mbali anaonekana kama ana miguu sita. Rangi hutofautiana sana, kutoka kijivu hadi kahawia iliyoiva, lakini mgongoni mwa kichwa-kifua hupita mstari mwembamba uliopauka, na tumbo ni refu lililochongoka. Jike mzima ana urefu wa milimita 12 hadi 15 bila miguu, dume milimita 10 hadi 13.

Mfunike kwa kikombe, kisha pitisha kifuniko au kadi chini ya jani. Usimshike kwa vidole wala kibano, kwa sababu miguu hukatika kirahisi, na dume aliyepoteza mguu wa tatu hafai kwa kazi hii. Sababu utaiona mbele. Kila mmoja akae kwenye kikombe chake tangu dakika ya kwanza. Ukiwaweka wawili pamoja kwenye begi, utafika nyumbani na mmoja aliyeshiba. Kama eneo ni hifadhi, omba ruhusa kwanza, na usichukue wote waliopo sehemu moja.

Kutofautisha dume na jike katika umri huo tazama palpi, yaani vile viungo viwili vifupi vilivyo mbele ya miguu, pembeni mwa taya. Za jike ni nyembamba tangu mwanzo hadi ncha. Za dume aliyekaribia kupevuka zimevimba nchani, laini na zimepauka. Baada ya kujivua gamba la mwisho ncha hizo hukauka, huwa nyeusi, na chini ya lenzi unaona vijinundu na vijimeno. Hiki ndicho kiungo anachopitishia mbegu.

Kuwatunza

Kikombe cha plastiki cha mililita 300 hadi 500 kinatosha, chenye matundu ya pini juu na kijiti kilichosimamishwa mshazari. Kijiti si pambo. Wakati wa kujivua gamba buibui huning'inia, na akikosa pa kushika hubaki amenasa ndani ya gamba la zamani. Weka kipande cha pamba iliyoloweshwa na unyunyizie ukuta wa kikombe maji kidogo kila siku ya pili. Hewa ikiwa kavu mno, gamba hugoma kutoka. Maji yakituama, kuvu huota na wadogo hufa. Joto la chumba la nyuzi 20 hadi 23 linafaa. Mwanga wa dirishani ni mzuri ila jua lisipige moja kwa moja, maana kikombe kilichofungwa huchemka kwa dakika chache.

Chakula: nzi wa matunda 15 hadi 20 kwa wiki kwa aliye mdogo, au nzi wa nyumbani wawili hadi watatu kwa aliyekaribia kupevuka. Maduka ya wanyama wa kufugwa huuza pupa wa nzi wa nyumbani, na kwenye joto la chumba hutoka baada ya siku chache. Usitumie nzi uliowakamata jikoni au zizini. Mmoja tu aliyegusa dawa ya wadudu atakumalizia kundi zima. Funza wa chambo wanaouzwa kwa wavuvi wengi wao hugeuka nzi wakubwa wa buluu, ambao humlemea dume na wengine humtisha.

Buibui akikataa kula siku mbili tatu na tumbo likaonekana limejaa, anakaribia kujivua. Ondoa nzi hai humo ndani, maana buibui aliye katikati ya kujivua hawezi kujitetea. Siku anayotoka kwenye gamba iandike kwenye kikombe.

Mpe dume mzima wiki moja hivi kabla ya kumtumia. Katika siku hizo hufuma kijitando kidogo, hudondosha juu yake tone la mbegu kutoka tumboni, kisha hulivuta kwa palpi. Dume asiyefanya hivyo anaweza kuposa vizuri, akapokelewa, akapandana, na jike asipate chochote. Matokeo ya namna hiyo yatakuchanganya wiki nzima.

Kumfanya dume afunge zawadi

Hapa ndipo wengi hukwama. Wanampa dume nzi, anamla, na wanahitimisha kwamba dume wao hana tabia hiyo. Kinachokosekana karibu kila mara ni hariri ya jike. Dume akigusa nyuzi za jike hujua jike yuko karibu, na mdudu aliye kinywani hugeuka zawadi.

Tandika karatasi ya kuchujia kahawa kwenye kikombe cha jike mzima kwa saa 24. Atatembea juu yake na kuacha nyuzi ambazo hutaziona bila kuipindisha karatasi kwenye mwanga. Siku hiyohiyo mlishe dume vizuri. Kesho yake hamishia karatasi hiyo kwenye chombo cha dume, mwache aikague kwa palpi dakika tano hadi kumi, ndipo umtie nzi mmoja wa nyumbani aliye hai. Nzi akiruka mno, mweke kwenye friji dakika nne au tano apoe. Asife, kwa sababu dume hukamata kinachotikisika.

Akishamkamata na kumuuma, tulia. Atamweka nzi chini, atapitisha ncha ya tumbo juu yake huku akizunguka, hariri ikitoka. Kisha atamwinua kwa taya, atamgeuza, atamweka tena na kuzunguka upande mwingine. Raundi ya kwanza huacha utaji mwembamba ambao mbawa na miguu ya nzi bado inaonekana. Raundi zikiendelea, mbawa hukunjwa, miguu hubanwa, na mwisho unabaki mpira mweupe usiojulikana ni wa nini. Andika idadi ya raundi na jumla ya dakika alizofunga. Dume mwingine huanza upya akishakutana na jike, kwa hiyo hesabu isiishie hapa.

Akimla nzi badala ya kumfunga, kuna sababu tatu za kukagua. Yawezekana alikuwa na njaa: utafiti wa 2011 ulionyesha kwamba dume aliye na hali nzuri ya mwili ndiye mwenye uwezo zaidi wa kutengeneza zawadi, na hariri yenyewe ina gharama kwake. Yawezekana karatasi imekaa siku nyingi au imelowa. Tumia ya siku hiyo. Au nzi ni mdogo mno: nzi wa matunda huliwa wote kabla hata wazo la kufunga halijafika. Akikataa mara mbili kwa siku tofauti, mweke kando na umtumie dume mwingine.

Ukitaka uzito wa zawadi, pima kabla ya kumpelekea jike. Nzi wa nyumbani ana miligramu kumi na kitu, hivyo mizani inayosoma miligramu 1 itakupa makadirio mabaya. Inatakiwa isomayo miligramu 0.1. Kumnyang'anya dume zawadi kwa kibano ili uipime mara nyingi humfanya aiache kabisa. Njia salama ni kumpima pamoja na zawadi yake ndani ya kichupa, baada ya kuwa ulimpima yeye peke yake kabla hujampa nzi.

Uwanja na jike

Tumia sanduku angavu la sentimita 20 kwa 15, urefu sentimita 10 au zaidi, sakafu ya karatasi nyeupe ya kuchujia na vijiti viwili vya kupandia. Sanduku dogo zaidi ya hapo humnyima dume pa kukimbilia. Liweke juu ya sponji au taulo lililokunjwa. Mtikisiko wa meza hukatisha posa, kwa kuwa buibui hawa huzungumza kwa mitetemo kuliko kwa kuonana. Mwingize jike saa 24 kabla, ili ajaze sakafu nyuzi zake.

Njaa yake ni jambo la kupima kwa uangalifu. Mlishe mara ya mwisho siku tatu au nne kabla. Kwa muda kulikuwa na wazo, lililopendekezwa mwaka 2002, kwamba weupe wa kifurushi humkumbusha jike kifuko chake cha mayai na hivyo huingia mtegoni. Majaribio yaliyochapishwa 2007 yalielekeza kwingine: jike mwenye njaa hupokea haraka zaidi, yaani anachotaka ni chakula. Kwa kazi yako maana yake ni kwamba jike aliyekula jana anaweza kuikataa zawadi nzuri kabisa, nawe ukamlaumu dume. Kinyume chake, jike aliyenyimwa chakula wiki mbili humwona dume mwenyewe kuwa mlo. Majike wote walale njaa siku sawa, hapo ndipo utaweza kuwalinganisha.

Kuhusu hatari hiyo, weka karibu kikombe na kadi ya kuwatenganishia. Utafiti wa 2016 ulikuta kwamba dume asiye na zawadi ana uwezekano wa kuliwa takriban mara 6 zaidi ya mwenye zawadi. Taya za jike zikizama kwenye kifurushi, hazimfikii dume. Kwa hiyo zawadi ni chakula na ni ngao pia, na jaribio lolote la madume wasio na zawadi linahitaji mtu aliye macho muda wote.

Kutazama na kuandika

Kamera iwekwe ubavuni, usawa wa sakafu. Ukipiga kutoka juu hutaona miguu ya chini wala palpi. Fremu 60 kwa sekunde zinatosha. Mwanga utoke upande mmoja ili hariri ing'ae. Mtie dume akiwa na zawadi yake kwenye kona iliyo mbali na jike, kisha andika muda wa kila tukio.

Kwanza ni pale anapogusa nyuzi na kuanza kuzifuata. Akimkaribia jike huinua mwili wa mbele, husukuma kifurushi juu na mbele, miguu ya mbele ikiwa imeinuliwa, palpi na tumbo vikitetemeka. Hapo jike huweza kusogea, kukimbia au kuja. Andika muda kutoka mnyoosho wa kwanza hadi taya za jike zinapogusa zawadi. Ndio muda wa kupokea.

Sasa wote wawili wameishika kwa taya, uso kwa uso. Baada ya muda dume huachia taya, lakini haiachii zawadi. Angalia mguu wake wa jozi ya tatu: kucha zake zimenasa kwenye hariri huku yeye mwenyewe akipita chini ya mwili wa jike kuingiza palpi moja. Akimaliza hurudi, hushika zawadi kwa taya, hutulia, kisha hupita tena kwa palpi nyingine. Ndiyo maana dume asiye na mguu huo hafai, na ndiyo maana pia hariri ina umuhimu. Jaribio la 2008 lililolinganisha zawadi zilizofungwa na zisizofungwa lilionyesha kwamba faida ya hariri iko katika udhibiti: nzi mtupu ni rahisi kumnyakua na kukimbia naye, aliyefungwa ana mahali pa kunasia kucha.

Usiandike "kupandana dakika 40". Andika kila uingizaji peke yake: palpi ipi, ilianza lini, ilitoka lini. Muda wa kukaa wakiwa wameshika zawadi bila palpi kuingia si muda wa kupandana, na ukivijumlisha utapata takwimu kubwa isiyo na maana.

Dume anapojifanya mfu

Wakati wowote baada ya kushika zawadi, jike anaweza kugeuka na kukimbia nayo. Dume hufanya jambo ambalo limewafanya watazamaji wengi wafungue sanduku kwa hofu. Hunyoosha miguu, hukakamaa, taya zikiwa bado zimeng'ata kifurushi, na jike humburuta huku na huko kama kitu kilichokwama kwenye mzigo. Yuko hai. Usiguse sanduku, usipulize, usigonge. Jike akisimama na kuanza kula, dume huzindukana taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine, na kuendelea pale alipoishia.

Mbinu hii inalipa. Katika utafiti wa 2008, asilimia 89 ya madume waliojifanya wafu walifanikiwa kupandana, dhidi ya asilimia 30 ya wasiofanya hivyo. Si wote hufanya, kwa hiyo kwenye daftari weka safu yake: alijifanya mfu au la, mara ngapi, kila mara sekunde ngapi, na jike alikuwa anafanya nini alipozinduka. Dume aliyeumwa kweli hutofautiana naye: miguu hujikunja kuelekea chini ya kifua, taya huachia zawadi, na jike humhamia yeye.

Mwisho huja kwa njia tatu: jike anaondoka na zawadi, dume anaipokonya na kukimbia nayo, au jike anamshambulia. Andika ni ipi, kisha watenganishe mara moja. Ukiwaacha pamoja usiku kucha, asubuhi utakuta mmoja.

Kuifungua zawadi

Hatua hii hurukwa kuliko zote, na bila hiyo kazi haijakamilika. Jike akimaliza kula au akitupa mabaki, yachukue, yapime, kisha yafungue kwenye kisahani cheupe kwa sindano mbili, chini ya lenzi ya kukuza mara 10. Anza pale hariri ilipo nyembamba na uchane polepole. Kusanya hariri kando. Inaweza kupimwa pia.

Utakachokuta huenda si ulichotarajia. Porini si kila kifurushi cheupe kina nyama. Madume wengine hufunga mabaki makavu ya mdudu waliyemla wenyewe, au mbegu za mimea, au vipande vya ua. Kwa nje huwezi kutofautisha, na jike naye hawezi mpaka aanze kula. Utafiti wa 2011 ulikuta kwamba zawadi tupu hupokelewa karibu sawa na za kweli, ila jike hukatisha kupandana mapema. Mwaka 2013 ikaonekana kwamba jike huhifadhi mbegu nyingi zaidi za dume aliyeleta zawadi kuliko za asiyeleta, hata muda wa kupandana ukiwa sawa. Kwa hiyo kupokelewa peke yake hakupimi udanganyifu. Muda wa kupandana ndio kipimo unachoweza kukiona kwa macho.

Ukitaka kujaribu hilo mwenyewe, andaa makundi matatu: wenye nzi mzima, wenye zawadi tupu, na wasio na kitu, madume 15 au zaidi kila kundi. Zawadi tupu usiitengeneze kwa pamba na gundi, kwa sababu harufu ya mikono yako itaingia kwenye matokeo. Mpe dume nzi, mwache amle mpaka abaki gamba, jambo linalochukua saa kadhaa, ndipo umletee karatasi yenye nyuzi za jike. Baadhi watalifunga gamba lile wenyewe. Panga nani aingie kundi gani kwa kura. Ukiwachagua wachangamfu kwa kundi la zawadi nzima, umeshajibu swali kabla ya kuliuliza. Kila dume na kila jike atumike mara moja tu.

Zaidi ya Pisaura

Ukisafiri kusini mwa Brazil au Uruguay, kando ya vijito kuna Paratrechalea ornata, wa familia nyingine, ambaye naye hufunga zawadi kwa hariri na ambaye zawadi tupu ni jambo la kawaida kwake. Yeye hufanya shughuli zake usiku, juu ya mawe, hivyo taa ya kichwani ni lazima. Kinachovutia ni kwamba tabia hiyo imeibuka tena mbali na Ulaya, ikiwa na udanganyifu uleule ndani yake.

Aliyeko pwani ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya au Uganda, ana buibui wake wa kutazamwa kwa bidii ileile. Evarcha culicivora ni buibui mrukaji mdogo aliyeelezewa rasmi mwaka 2003, na utafiti wake mwingi umefanyika Mbita Point, Kenya. Hana zawadi ya kubeba, lakini mlo umo ndani ya uchumba wake: hupenda mbu jike aliyekwisha kunyonya damu, na utafiti wa 2009 ulionyesha kwamba buibui aliyekula mbu wa namna hiyo hupata harufu inayowavutia wa jinsia ya pili. Dume na jike wote huchagua. Ukimtazama huyu, badili mambo mawili. Warukaji huonana kwa macho makubwa ya mbele na ishara za miguu, hivyo mwanga uwe mwingi na sakafu iwe ya rangi moja. Na daftari lioneshe kila mmoja alikula nini siku saba zilizopita. Mbu mwenye damu, mbu asiye na damu na mdudu mwingine ni safu tatu tofauti. Tumia mbu waliofugwa na taasisi yenye kibali, usijitoe mwenyewe kuwalisha.

Kuwarudisha

Jike wa Pisaura aliyepandwa atafuma kifuko cha mayai na kukibeba chini ya mwili kwa taya na palpi. Usimchanganye na buibui mbwamwitu, ambaye hukiburuta nyuma ya tumbo. Karibu na kuanguliwa hujenga hema la hariri juu ya mashina marefu, hutundika kifuko humo na kulinda watoto. Kikombe hakina nafasi ya hema hilo. Mrudishe mapema, siku ambayo kifuko kimekamilika, pale pale ulipomtoa na kwenye nyasi zisizofyekwa zenye urefu wa sentimita 20 au zaidi. Fungua kikombe ubavuni mwa shina, usimkung'ute. Akishtuka huweza kuachia kifuko. Kama ulikusanya sehemu kadhaa, jina la sehemu liwe limeandikwa kwenye kila kikombe tangu Aprili, kwa sababu Julai hakuna atakayekumbuka.